Kona ya Tangi la Dundori

Section 58, Nakuru
Jumapili, jioni

Wambui, mama yangu mdogo,

Sanduku lako limefungwa. Mama yako alilikalia ndiyo likafungika, na sasa yuko jikoni anakukaangia mandazi ya njiani kana kwamba Nairobi hawajui kupika. Mambo ya blanketi, mafuta ya kujipaka, na usimwamini mtu anayekushikia mzigo stesheni kabla hujamwomba, yote ameshakwambia, na kesho atakwambia tena mpaka gari moshi liondoke. Mimi hapo sina la kuongeza. Nataka kuzungumza nawe jambo lingine, na nimeliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utapandisha yako, kisha mama yako atatufukuza sisi wote. Tunajuana.

Kwanza nikwambie, leo mchana nimelala. Nimelala fofofo kwenye kochi, juu ya vitambaa vya mama yako, hadi nikaamka na alama za uzi shavuni na akanicheka. Tangu ule ugomvi wetu wa Januari sikuwa nimepata usingizi wa namna hiyo. Wazazi wengine mtoto akiondoka hulia. Mimi, Mungu anisamehe, natamani kuimba. Unaenda kusomea kile ulichotaka, tunaongea, na hakuna aliyevunjika. Nimetua mzigo, Wambui, na sioni haya kusema.

Sasa sikiliza. Ulipokuwa darasa la saba uliniuliza swali nami nikakujibu ovyo. Ilikuwa asubuhi ile tangi la maji la shule yenu kule Dundori lilipokuwa linainuliwa. Nitakukumbusha swali lenyewe nikifika huko, lakini jibu lake ni refu, na halieleweki mpaka ujue kwa nini tangi lile lilichelewa.

Kuchelewa kwake unakukumbuka vizuri. Ulikuwa unakaa kwa shosho wako, mama yangu, ambaye jina lake ndilo lako, na muhula mzima mlibeba maji kutoka mtoni huku chuma cha jukwaa kimelala kwenye nyasi za uwanja, kimekatwa tayari, kinaota kutu. Kila mtu alijua kwamba ofisi yetu ya uinjinia ndiyo iliyosimamisha kazi, na kwa watu wa Dundori ofisi yetu ilikuwa mimi. Wenzako walikuita Mtoto wa Kiangazi. Shule zilipofungwa ulikuja hapa Nakuru ukamsalimia mama yako, ukamsalimia hata paka, mimi ukanipita kama nguzo ya umeme. Nikajiambia ni utoto, atasahau. Kumbe nimezaa mtu mwenye kichwa cha mama yangu.

Ile kazi nilikuwa nimepewa na Bwana Gurdial, yule injinia wetu Sikh aliyekuwa akikuletea peremende, ambaye ameishi Nakuru maisha yake yote na huongea polepole mpaka unataka kumsaidia kumaliza sentensi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Miguu minne ya chuma, boriti juu ya miguu, tangi juu ya boriti. Lakini boriti ndogo zilipaswa kuingia ubavuni mwa zile kubwa, na ili ziingie ilibidi zikatwe pembe ya juu pale kwenye ncha. Ukikata hivyo unabaki na kona ya ndani, kali kama kona ya sanduku la kiberiti. Mkato wetu ulikuwa mrefu kuliko kawaida, kwa hivyo Bwana Gurdial akasema hatutaamini hesabu ya mkono peke yake. Tungeiuliza kompyuta kule Nairobi.

Nilivimba kichwa wewe. Ofisi nzima hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya namna ile ila Bwana Gurdial, na sasa mimi.

Chuo watakufundisha haya kwa hesabu zitakazokutoa jasho. Mimi nikupe kwa lugha ya nyumbani. Chuma hakisemi kinaumia wapi. Kwa hivyo unakichora kwenye karatasi, kisha unakikata kwa penseli vipande vidogo, pembetatu kwa pembetatu, hadi kinaonekana kama kimevalishwa wavu. Kila pembetatu unaiuliza swali moja, uzito huu umekukaza kiasi gani? Kompyuta inakusanya majibu yote. Sasa shika hili: zile pembetatu tulizokuwa tunatumia, kila moja ina neno moja tu la kusema. Iwe kubwa, iwe ndogo, neno ni moja. Ikiwa kubwa, upande mmoja wake unaumia na upande mwingine mzima, itachanganya pande zote mbili ikwambie, niko sawasawa. Ni kama usimame hapa barabarani uiulize Section 58 yote kwa pamoja, hamjambo? Utajibiwa hatujambo, na kumbe katika nyumba moja kuna mgonjwa mahututi.

Utaniuliza, si uchore ndogo kila mahali basi? Hapo ndipo penye kazi. Kila kona ya kila pembetatu ilibidi nipime mahali pake, niandike, kisha itobolewe kwenye kadi, maana kompyuta za wakati ule zilisoma matundu ya kadi, na kompyuta yenyewe ilikuwa na tumbo dogo. Ukiilisha kupita kiasi inatema yote na unarudi mwanzo. Huwezi kubisha kila mlango. Lazima uchague utabisha wapi, na kuchagua huko hakuna kitabu kinachokufanyia.

Mimi sikuchagua. Nilichora pembetatu za ukubwa mmoja kutoka ncha hadi ncha, zimejipanga kama watoto paredi. Na sababu yake inatoka huko huko Dundori. Kabla sijaingia chuo, mzungu aliyekuwa na shamba kubwa huko alipouza akaenda zake, mimi nilikuwa kijana wa kushika mnyororo wa kupimia wakati wenyeji walipogawana ardhi. Wazee walikuwa wakali kwa jambo moja tu, kila mtu apate sawa na mwenzake. Tulipima mistari imenyooka kutoka barabarani hadi bondeni bila kuangalia kulia wala kushoto. Tulikuwa na msemo wetu, mnyororo hauna mjomba. Nilijivunia kazi ile kuliko cheti chochote nilichopata baadaye. Shosho wako alipata ukanda sawa kabisa na wa jirani, ila nusu ya chini ya ukanda wake ilikuwa kinamasi, na hadi leo hakijaota hapo kiazi hata kimoja. Alipolalamika, mimi mwanawe, tena nimeshika mnyororo mkononi, nilimwambia kipimo ni kile kile. Akaniangalia tu. Siku hizi hukata majani ya ng'ombe hapo, na akikata hunitaja jina.

Kwa hivyo nilipochora wavu wangu nilichora kwa mkono ule ule. Kugawa kwa haki kwangu kulikuwa kugawa sawa. Wavu ulikuwa mzuri jamani, mzuri kama kitambaa cha kochi. Nilipeleka kadi Nairobi, majibu yakarudi, mkazo uko chini ya kiwango tunachoruhusu kila mahali. Nikaiambia karakana ikate chuma. Chuma kikapelekwa Dundori. Mwalimu mkuu akaanza kupanga wageni.

Bwana Gurdial alikuwa safarini. Aliporudi alitandaza mchoro wangu mezani, akauangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye kona ya mkato.

"Kamau, umeuliza mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja.

"Basi bado hujauliza," akasema.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nilitoka nje nikanywa chai ambayo sikuisikia utamu. Nilijiambia mzee huyu anatafuta makosa kwa kuwa wavu wake mwenyewe haujawahi kupendeza. Lakini maneno yale yalinifuata, kwa sababu nilijua alichomaanisha. Jibu moja halina wa kulishuhudia. Unapunguza pembetatu, unauliza tena, unatazama kama jibu limehama. Likihama sana, lile la kwanza lilikuwa la uongo. Likikaa, au likisogea kidogo tu, hapo unaweza kuanza kuliamini. Mimi sikuwa nimefanya hivyo. Nilikuwa nimeupenda mchoro.

Nikauliza tena. Safari hii nilichora pembetatu ndogo kwenye kona peke yake na kuacha kubwa huko kwingine ambako chuma hakina shida. Wavu ukawa na sura mbaya, umekunjamana upande mmoja. Majibu yaliporudi, boriti yote ilisema maneno yale yale ya kwanza, isipokuwa kona. Kona ilikuwa imepanda juu, tena mbali. Nikapunguza tena, ikapanda tena. Nikapunguza mara nyingine, nikaomba Mungu ikae, ikapanda.

Wambui, zile ndizo wiki ambazo hukuwa unanisalimia. Kila nilipofumba macho niliiona foleni yenu ya ndoo chini ya lile jukwaa, na wewe umo. Kama Bwana Gurdial angekawia safarini, tangi lingekuwa limeshainuliwa. Je, lingeanguka? Sijui, na mtu yeyote akikwambia anajua, muulize amejuaje. Pengine lingekaa miaka na miaka. Lakini tangi hujaa na kupungua kila siku, na kona kama ile huchoka pole pole bila kumwambia mtu. Watu hupenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa wa kona ile ungekuwa juu ya vichwa vyenu, chini ya rangi, na hakuna ambaye angepanda kuutafuta.

Mwishowe nilimpelekea Bwana Gurdial makaratasi yote, nikamwambia nimeshindwa. Nilimwambia kila nikichora ndogo zaidi mkazo unazidi, na ukiendelea hivi hata tangi tupu litaivunja boriti. Nilitarajia anifokee. Alicheka, akanivutia kiti.

"Kona kali haina jibu," akasema. "Kila ukiisogelea itakuongezea. Acha kuiuliza. Itoe makali kwanza, halafu uliza."

Lilikuwa jambo jepesi kiasi cha kuudhi. Kwenye karatasi nilikuwa nimechora kona iliyo kali kabisa, kali isiyo na mwisho, na kona ya namna hiyo hesabu haifiki mwisho wake. Wavu wa matundu madogo haukuwa dawa yake. Dawa yake ilikuwa kubadilisha kitu chenyewe. Tulichora kona upya, ya mviringo. Nikazungushia pembetatu ndogo ndogo, kisha nikaziacha zikue taratibu kadiri unavyotoka pale. Nikauliza, nikapunguza, nikauliza tena, na jibu likakaa. Lilikuwa bado juu kidogo, tukaongeza bamba la chuma ubavuni. Nikauliza tena, likashuka, likakaa. Wambui, nilitoka nje ya ofisi nikamkumbatia askari wa mlangoni, na hatujawahi kulizungumzia jambo hilo mimi na yeye tangu siku hiyo.

Karakana ilituma fundi Dundori na mashine ya kutobolea. Kila boriti ilitobolewa tundu pale kwenye kona, kisha makali yaliyobaki yakasuguliwa kwa tupa mpaka yakawa laini. Ndiyo maana mlibeba maji muhula mzima.

Sasa nije kwa Januari, halafu nikuache.

Uliposema hutaki ile nafasi ya unesi niliyokutafutia, kwamba unataka uinjinia, nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu vizuri tu. Nikalichukua jibu lako nikalikata vipande, nikauliza kila kipande. Utafanya nini wanaume wa karakana wakikudharau? Utaolewa lini? Nani amekutia maneno haya kichwani? Kila ukijibu nilikata vipande vidogo zaidi, na kila nikikata, hasira ilipanda, yangu na yako, hadi ikafika mahali tukawa tunakula kwa zamu. Nilidhani nakuchunguza kama mzazi mwema. Sikukwambia kitu kimoja ambacho ningekisema siku ya kwanza, kwamba nilikuwa naogopa. Si kwamba hutaweza. Niliogopa siku moja na wewe utakaa mezani na karatasi ambayo mkazo wake unazidi kupanda, huku chini ya chuma wako watoto wa watu. Uoga ule niliubeba muhula mmoja tu na hadi leo naukumbuka. Sikutaka uwe wako.

Mama yako ndiye aliyechoka. Alikuwa anashona, hata hakuinua macho, akaniambia, "Baba Wambui, si ni wewe ulituambia kona kali haina jibu?"

Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia hadithi ile hapa nyumbani mpaka mnanikimbia, na yeye ndiye aliyekuwa anaisikiliza. Jumapili iliyofuata nikaenda Dundori. Nilimwambia shosho wako nimekuja kumwona, naye akasema nina uso wa mtu aliyefukuzwa. Baada ya chai nikatembea hadi shuleni. Hapakuwa na mtu. Tangi limejaa, linatiririka kidogo kwenye bomba. Nikapanda ngazi na viatu vyangu vya kanisani, mtu mzima na kitambi changu, nikafika chini ya jukwaa, nikatafuta kona. Rangi imechujuka lakini kona ni nzima, hakuna hata unywele wa ufa. Nikachomeka kidole gumba katika ule mviringo, kikaingia sawasawa. Hapo ndipo nikakukumbuka.

Asubuhi ile ya kuinua, chuma kilikuwa bado chini kwenye nyasi. Wageni walikuwa wanatafuta viti, watoto wenzako wanaruka juu ya boriti, wanapigapiga miguu ya jukwaa isikike mlio. Wewe ulikuwa hunisalimii bado. Ulizunguka chuma chote polepole, mikono nyuma, kisha ukainama ukachomeka kidole gumba katika tundu la kona. Ukaja ukasimama mbele yangu, maneno yako ya kwanza kwangu baada ya muhula mzima:

"Baba, kwa nini mmelainisha hapa tu, na kwingine mmeacha?"

Nami nilikuwa nimechoka, nina wageni, nikakwambia ni urembo. Ukaniangalia kama shosho wako aliponiangalia siku ya mnyororo, ukaenda zako.

Juu ya ngazi ile nilicheka peke yangu hadi nikaogopa kuanguka. Katika chuma kile chote, mita kwa mita, hukupoteza wakati na pengine popote. Ulienda pale pale. Mimi nilihitaji kompyuta ya Nairobi na mzee wa kuniaibisha kidogo, na mtoto wa darasa la saba, tena amenuna, akapaona. Na mtoto huyo ndiye nilikuwa namkataza. Nilishuka, nikarudi nyumbani, nikatia sahihi karatasi zako kabla sijavua koti. Ulidhani ni mama yako aliyenishinda. Alichangia, lakini mkono ulikuwa wangu.

Kwa hivyo nenda. Barua zako usinijazie kila siku ulichokula, hayo mwandikie mama yako. Mimi niandikie pale mambo yanapobadilika ghafla, hapo andika kwa urefu, hata kama maandishi yatakunjamana. Kwingine niambie hujambo, nitaamini. Nami kesho stesheni sitakuuliza kitu. Ukiona nimenyamaza usidhani nimenuna, nitakuwa nimefurahi tu, na sijui pa kuweka mikono.

Na swali lako, samahani limekawia. Tulilainisha hapo tu, Wambui, kwa sababu hapo ndipo chuma kilikuwa kinaumia, na wewe ungepita chini yake na ndoo.

Ni mimi niliyekujibu vizuri mara ya pili,

Baba yako